Dawa ya usingizi ambayo dukani kwangu haipo

Ukiendesha duka la dawa la mtaani, kama mimi hapa Tanga, unawajua wateja wa saa mbili usiku. Wanasubiri wenzao waondoke, wanasogea dirishani na kusema kwa sauti ya chini, "Dokta, nipe kitu cha kulalia." Wengine wanataja jina kabisa: Valium. Ukiwaambia hiyo haitoki bila cheti cha daktari, wanateremka daraja: basi nipe Piriton. Hawana mafua, hawawashwi na chochote. Wanajua tu kwamba kile kidonge cha njano kinalegeza macho, na kesho yake wanaamka vichwa vizito na kurudi tena.

Sina ugomvi na vidonge, ndivyo vinavyolipa kodi ya fremu. Lakini mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, American College of Physicians, kilitoa mwongozo kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi aanze na tiba ya utambuzi na tabia, ile inayojulikana kwa kifupi kama CBT. Vidonge vinakuja baadaye, kwa muda mfupi, baada ya mgonjwa na daktari wake kukubaliana. Wataalamu wa usingizi wa Ulaya wakasema vivyo hivyo mwaka 2017, na walipoupitia upya mwongozo wao mwaka 2023 wakasema tiba hiyo inaweza kutolewa ana kwa ana au kidijitali. Wanaozungumziwa ni watu wanaokosa usingizi angalau siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi. Hao ndio wateja wangu wa saa mbili usiku.

Kwa hiyo dawa namba moja ya kukosa usingizi siiuzi. Haina boksi, haina tarehe ya kuisha. Nilianza kuisoma kwa sababu ya udadisi wa kazi, na pia kwa sababu kila wiki naulizwa kama zile programu za simu za kutibu usingizi na wasiwasi zina ukweli wowote au ni biashara tu.

Tuanze na tiba yenyewe kabla ya simu. Watu wengi wakisikia tiba ya mazungumzo wanafikiria kiti, leso, na mtu anakuuliza habari za utotoni. Hii ya usingizi ni tofauti kabisa, inafanana zaidi na hesabu. Nguzo zake mbili kuu ni za zamani. Mwaka 1972 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, alieleza kanuni ya kitanda: kitanda ni cha kulala na tendo la ndoa tu, usipopata usingizi kwa muda, toka kitandani, rudi ukishikwa na usingizi, na amka saa ile ile kila siku hata kama umelala vibaya. Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake wakaleta ya pili, inayowakera watu kuliko zote: punguza muda wa kukaa kitandani mpaka ukaribiane na muda unaolala kweli.

Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja akiwa na karatasi ya vidonge iliyokwisha. Nikamsalimu, nikamwomba aketi kwenye benchi la ndani, nikachukua daftari la shule la kurasa 48.

"Shikamoo mwalimu. Unapanda kitandani saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Saa tatu. Nikishaswali na kula, nafanya nini tena?"

"Na unaamka?"

"Adhana ya alfajiri. Saa kumi na moja niko macho."

Saa nane kitandani. Nikamwomba kila asubuhi aandike alipanda saa ngapi, anadhani alisinzia saa ngapi, aliamka mara ngapi, alitoka kitandani saa ngapi. Asitazame saa usiku, akadirie tu. Baada ya wiki akarudi na daftari limejazwa kwa mwandiko wa ubaoni, ule wa herufi zilizonyooka. Wastani wake ulikuwa saa tano za usingizi ndani ya saa nane za kitanda. Gawanya, zidisha kwa mia, unapata asilimia 62 na nusu. Hiyo ndiyo wanaita ufanisi wa usingizi, na shabaha ni kuifikisha asilimia 85 au zaidi.

Nikamwambia, kuanzia leo usiingie kitandani kabla ya saa sita kamili usiku, na saa kumi na moja uwe umetoka kama kawaida yako. Akanitazama kama mwanafunzi aliyepata sifuri.

"Yaani nakwambia silali, na wewe unaniambia nichelewe kulala?"

Ndivyo ilivyo. Mwili unarundika njaa ya usingizi kadiri unavyokaa macho. Ukienda kitandani saa tatu na njaa haijakomaa, unagaagaa saa tatu nzima, na kitanda kinageuka mahali pa kuhesabu mabati. Ukichelewa, njaa inakuwa kubwa, usingizi unakushika haraka na haukatikikatiki. Ufanisi ukipanda, unaongezewa dakika 15, wiki nyingine dakika 15, hadi upate kipimo chako. Muda wa kitandani haushushwi chini ya saa tano. Wiki ya kwanza na ya pili ni chungu kwelikweli, wala sioni sababu ya kumficha mtu.

Sasa utaona kwa nini kompyuta iliweza kuichukua kazi hii. Kujaza daftari, kugawanya, kuongeza dakika 15, kukumbusha: mashine inafanya yote hayo bila kuchoka. Programu iliyojulikana zaidi, Sleepio, ilizaliwa Uingereza. Peter Hames alikuwa hapati usingizi, akaenda kwa daktari wake akaomba CBT, akaandikiwa vidonge. Akajitibu kwa kitabu cha Colin Espie, profesa Mskoti wa masuala ya usingizi, kisha akamtafuta profesa mwenyewe wakaanzisha kampuni. Ndani ya programu kuna profesa wa katuni anayekuongoza hatua kwa hatua.

Jaribio lao la mwaka 2012 nalipenda kwa sababu moja. Watu 164 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliopata tiba halisi mtandaoni, walioendelea na matibabu yao ya kawaida, na waliopewa programu bandia iliyofanana na ile halisi, yenye sura ile ile na mwongozaji yule yule, ila ndani yake mlikuwa na mazoezi yasiyo na kiini cha tiba. Ni sawa na kidonge cha unga mtupu kwenye majaribio ya dawa, na kukitengeneza kwa tiba ya kuzungumza si kazi rahisi. Ufanisi wa usingizi wa kundi la tiba halisi ulipanda kwa asilimia 20 hivi. Makundi mengine mawili, asilimia 6 kila moja. Maana yake, kuwa na programu nzuri kwenye skrini hakukutosha. Kilicholeta tofauti ni kilichokuwamo.

Upande wa pili wa bahari, Lee Ritterband na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walikuwa na programu yao, SHUTi. Jaribio lao la mwaka 2017 lilikuwa na watu wazima 303, karibu nusu yao wakiwa na maradhi mengine pia ya mwili au ya akili, na lilifuatilia kwa mwaka mzima. Mwisho wa mwaka, karibu 57 kati ya kila 100 waliopata programu hawakuwa tena kwenye kiwango cha ugonjwa. Kidonge gani cha usingizi kinaendelea kufanya kazi mwaka mmoja baada ya kukiacha? Wanorwe nao wakaijaribu SHUTi kwa watu 1,721, wakatoa matokeo mwaka 2020, na ikaishinda elimu ya usingizi ya kwenye tovuti, ile ya usinywe kahawa jioni, zima taa, chumba kiwe na ubaridi. Ushauri wa kahawa, kwa njia, ndio tunaopenda kuutoa sisi wa madukani kwa sababu hauchukui dakika. Peke yake hautibu tatizo sugu.

Mwaka 2022 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayopima kama tiba inastahili kulipiwa na huduma ya afya ya taifa, iliipitia Sleepio. Ilitazama majaribio 12 na kusema programu hiyo ni bora kuliko ushauri wa usingizi na vidonge, na kwamba inaokoa fedha. Bei ilikuwa pauni 45 kwa mtu mmoja. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliiruhusu programu iliyotokana na SHUTi, jina lake Somryst, mwaka 2020, na ile ya Sleepio ya kuandikiwa na daktari ikaruhusiwa mwaka 2024.

Mpaka hapa mambo mazuri. Sasa tuifunue sufuria.

Jaribio kubwa linalotajwa sana ni lile la vyuo vikuu 26 vya Uingereza, wanafunzi 3,755 wenye tatizo la usingizi, matokeo mwaka 2017 chini ya Daniel Freeman wa Oxford. Waliopewa programu walilala vizuri zaidi, na wasiwasi, sonona na hata kushuku watu vilipungua. Ni ushahidi wenye uzito kwamba kukosa usingizi ni sehemu ya chanzo cha matatizo ya akili, si dalili inayofuata nyuma tu. Lakini angalia waliotumia. Walioingia angalau mara moja walikuwa asilimia 69. Waliomaliza vipindi vyote sita, asilimia 18. Na hao ni wanafunzi wa chuo, wana intaneti, wanasoma kwa lugha yao. Mimi nikimpa mtu dozi ya vidonge vya siku saba akameza siku moja, simwambii mtu dawa hii ni rahisi kutumia.

Halafu kuna suala la kulinganisha na binadamu. Waholanzi walifanya hivyo mwaka 2016 kwa watu 90, Wanorwe wakafanya kwa watu 101 na kutoa matokeo mwaka 2021. Mara zote mbili, mtaalamu wa ana kwa ana aliishinda programu ya mtandaoni. Programu ilisaidia, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Na tusisahau kwamba Espie ni mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Sleepio. Makala za kisayansi zinalitaja hilo waziwazi, na mimi siwezi kulisoma nikalipita kama sijaliona. Sisemi matokeo ni ya uongo, maana majaribio ya watu wengine yanaelekea huko huko. Nasema tu kwamba anayeuza kisamvu hasemi kimechacha.

Kwenye wasiwasi ndipo ninapopunguza kasi. Ushahidi upo, na ni mwingi. Wasweden walianza zamani kutibu hofu kwa mtandao, na Stockholm kuna kliniki ya umma ya namna hiyo tangu mwaka 2007. Waaustralia wakafuata. Mwaka 2018 Gavin Andrews na wenzake walijumlisha majaribio 64 ya tiba ya kompyuta kwa sonona na wasiwasi na kukuta nafuu kubwa. Ujerumani wamefika mbali zaidi: tangu Oktoba 2020 daktari anaweza kukuandikia programu ya simu na bima ikalipa. Kati ya za mwanzo kabisa zilikuwamo Somnio ya usingizi na Velibra ya wasiwasi. Marekani, DaylightRx ya wasiwasi wa jumla iliruhusiwa Septemba 2024. Jaribio lililotangulia programu hiyo lilikuwa na watu 256.

Watu hao 256 walilinganishwa na nani? Na waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri. Hapo ndipo shida ya eneo hili ilipo. Mtu aliyeambiwa "subiri zamu yako" hapati hata tumaini la kidonge cha unga, kwa hiyo tiba yoyote ikisimama karibu naye inaonekana ndefu. Majaribio mengi ya wasiwasi yamejengwa hivyo, au kwa kulinganisha na huduma ya kawaida. Hakuna ubaya kuanzia hapo, lakini sikiliza matokeo ukiwa unajua. Jambo jingine: programu zenye mtu nyuma yake, anayetuma ujumbe mara moja kwa wiki na kuuliza umefika wapi, huwa zinatoa matokeo mazuri zaidi na watu hawaziachi njiani haraka.

Nadhani sababu iko kwenye maumbile ya tiba yenyewe. Usingizi una namba. Umelala saa tano au hukulala. Wasiwasi unatibiwa kwa kukabiliana na unachokiogopa: mwenye hofu ya ghafla apande daladala iliyojaa, abaki humo moyo ukidunda hadi ushuke wenyewe. Simu inaweza kukuelekeza, ila haiwezi kujua kama ulishuka kituo cha kwanza. Tena si kila anayeshindwa kutulia ana ugonjwa. Mama aliyechukua mkopo wa kausha damu na marejesho ni Ijumaa ana hesabu sahihi kabisa kichwani. Ukimpa programu ya kupima kama mawazo yake yana ushahidi, atakuambia ushahidi upo, umesimama mlangoni na pikipiki.

Na biashara yenyewe nayo ina pumu. Pear Therapeutics, kampuni iliyokuwa na Somryst, iliomba kufilisika Aprili 2023 ingawa ilikuwa na kibali cha serikali na majaribio mazuri. Bima za Marekani hazikutaka kulipa. Ujerumani, bei za mwanzo za Somnio na Velibra zilikuwa zaidi ya euro 460 kwa siku 90, na mazungumzo na mashirika ya bima yakazishusha hadi karibu nusu. Ushahidi mzuri na mfuko wa kuulipia ni vitu viwili tofauti.

Sasa huku kwetu. Vifaa vya kupimia vipo: dodoso la wasiwasi la maswali saba, GAD-7, limeshahakikiwa kwa Kiswahili na watafiti wa Kilifi, matokeo mwaka 2020. Kenya tena, taasisi ya Shamiri ilijaribu kipindi kimoja tu cha kompyuta kwa wanafunzi 103 wa sekondari, na baada ya wiki mbili dalili za sonona zilikuwa zimepungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Harare, jaribio la mwaka 2016 la benchi la urafiki, wahudumu wa afya wa kawaida walikaa na wagonjwa nje ya zahanati, jumla ya watu 573, na wasiwasi na sonona vikapungua. Hapo hapakuwa na programu ya simu wala mwanasaikolojia kwenye benchi.

Ila ulionishika zaidi ni utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2023. Wauguzi wa kawaida wa vituo 35 walifundishwa jambo moja tu katika yote niliyoeleza, kubana muda wa kitandani, wakalitoa kwa vipindi vinne vifupi, vingine kwa simu ya kupiga. Watu 642, na miezi sita baadaye tofauti ilikuwa bado inaonekana. Simu ya kupiga, jamani. Hiyo hata ya tochi inaweza. Mimi nikiambiwa nichague kati ya kusubiri programu ya Kiswahili yenye katuni na kumfundisha muuguzi wa zahanati kugawanya saa tano kwa saa nane, nitamchagua muuguzi, na programu imsaidie yeye kutunza daftari.

Maana programu hizi zimeandikwa na watu wenye vyumba. "Usipopata usingizi, nenda chumba kingine." Mwalimu wangu sebuleni kwake wamelala wajukuu wawili kwenye godoro. Tulikubaliana akae kwenye kiti pembeni ya kitanda, mgongo ukikitazama kitanda, ashike tasbihi au asuke ukili, simu iwe mbali. Hakuna jaribio lililopima hilo na sitalidai kuwa sayansi. Usingizi wa mchana nao ulikuwa kazi kuuondoa. Mji mzima unajinyoosha baada ya chakula cha mchana. Akafika ufanisi wa asilimia 80 na kidogo. Vidonge hakuacha vyote mara moja, na sikumtaka aache, kwa sababu anayekatisha ghafla dawa za jamii ya Valium alizozoea anaweza kupata madhara makubwa. Huo ni mpango wa kupanga na daktari.

Wapo ambao siwapi daftari kabisa. Mwenye kifafa, kwa sababu kupunguza usingizi kunaweza kuamsha degedege. Mwenye historia ya kupanda na kushuka kwa hisia hadi wazimu. Anayekoroma na kukatika pumzi usiku, huyo ana tatizo lingine linalohitaji vipimo. Dereva wa bodaboda, wa lori, fundi wa mashine: wiki ya kwanza ya kubana usingizi mtu anasinzia mchana, na barabara ya Segera haisamehi. Na yeyote anayesema maisha hayana maana tena, huyo haondoki dukani na simu mkononi tu. Tunakwenda naye hospitali, au anakuja mtu wa kumpeleka.

Kwa anayebaki na anasoma Kiingereza, idara ya maveterani ya Marekani ina programu inayoitwa Insomnia Coach, ya bure, kwa Android na iPhone. Jaribio lake lilikuwa dogo, watu 50, lakini kanuni zilizomo ndizo hizi za Bootzin na Spielman, na haikuombi kadi ya benki. Asiyesoma Kiingereza, daftari la kurasa 48 liko kaunta, na Jumamosi jioni huwa sina foleni.